Bilauri ya Kabatini na Glasi ya Kila Siku

Sebule nyingi zina kabati la vyombo, na ndani ya kabati hilo kuna seti ya bilauri sita zenye ukanda wa dhahabu mdomoni ambazo mwenye nyumba hajawahi kuzinywea maji. Zinasubiri wageni. Jikoni mambo ni mengine: kikombe cha plastiki kilichofifia, glasi mbili zilizosalia kati ya sita, na kikombe cha bati chenye doa jeusi ukingoni. Hivyo ndivyo vinavyonywewa kila siku, na hakuna aliyekaa chini akavichagua. Makala haya yanahusu hivyo.

Dukani watu huchagua kwa macho: umbo, mng'aro, maua. Lakini kinachoamua chombo kitadumu ni kile kinachomiminwa ndani yake, pamoja na mkono unaokiosha. Sakafu inasingiziwa mengi. Glasi nyingi huteleza mkononi mara moja na kupasuka kwa sababu tayari zilishabeba mikwaruzo ya miezi, iliyopatikana ndani ya karai pamoja na vijiko na sufuria. Kioo kisichokwaruzwa kina nguvu za kushangaza. Kila mkwaruzo ni mahali ambapo ufa utapata pa kuanzia.

Tuanze na kioo, maana ndicho kinachosumbua zaidi na ndicho kinacholipa zaidi ukikijua.

Glasi ya kawaida ni mchanga, magadi na chokaa. Mchanga peke yake unahitaji joto la nyuzi 1,700 hivi ili uyeyuke. Magadi hukishusha kiwango hicho, na chokaa huja kukaza mambo, kwa sababu mchanga na magadi tu hutoa kioo kinacholainika na kuyeyuka majini. Magadi hayo ni ndugu wa yale yanayotiwa kwenye maharage. Ziwa Magadi kule Kenya limechimbwa kwa zaidi ya karne moja, na duniani mteja mkubwa wa bidhaa hiyo ni viwanda vya vioo.

Udhaifu wa kioo hiki ni joto la ghafla. Kioo hupitisha joto polepole. Ukimimina chai, upande wa ndani hutanuka mara moja huku upande wa nje bado haujapata habari. Pande mbili zinavutana, na kioo, ambacho huvumilia sana kubanwa na kidogo sana kuvutwa, hupasuka. Kwa glasi ya kawaida, tofauti ya nyuzi 40 hadi 50 inatosha kuleta balaa. Fanya hesabu: glasi imetoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 5, chai inamiminwa ikiwa na nyuzi 85. Tofauti ni 80. Ikinusurika, umebahatika. Kinyume chake ni hatari vilevile: glasi imetoka kuoshwa kwa maji ya moto, ikatiwa barafu papo hapo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huona glasi yenye kitako kinene kama tofali wakasema hii ni imara, hii ndiyo ya chai. La. Kadiri kioo kinavyokuwa kinene, ndivyo joto linavyochelewa kuvuka, na ndivyo mvutano unavyokua. Kitako kinene ni kizuri kwa uzito, glasi haipinduki ovyo, na kwa maji baridi au juisi hakina neno. Kwa chai, kitako ndicho kitakachoachia: duara zima la chini linakatika na kubaki mezani huku wewe umeinua glasi isiyo na chini. Vile vibilauri vyembamba vya chai vya Waturuki, vinavyoonekana kama vitavunjika ukivitazama, huvumilia chai ya moto miaka na miaka kwa sababu ya wembamba wao.

Kama glasi uliyo nayo ni ya kawaida na mgeni anataka chai, isuuze kwanza kwa maji ya uvuguvugu, umwage. Tia kijiko cha chuma ndani, kiguse kitako. Mimina chai kiasi cha vidole viwili, ukiielekeza kwenye kijiko, zungusha glasi kwa sekunde kumi, kisha jaza. Kijiko si ushirikina wa bibi. Chuma hunyonya joto haraka na kulipunguzia kioo pigo la kwanza. Usiiweke glasi hiyo juu ya sinki la zege lenye maji baridi. Weka juu ya kitambaa kikavu au ubao.

Njia bora zaidi ni kununua glasi iliyokazwa kwa moto. Kiwandani hupashwa moto upya mpaka nyuzi mia sita na kitu, kisha hupulizwa upepo baridi pande zote kwa mkupuo. Ngozi ya nje huganda kwanza. Sehemu ya katikati inapopoa baadaye hujivuta na kuibana ngozi hiyo. Glasi inabaki na mbano wa kudumu usoni, kwa hiyo pigo au joto lazima kwanza limalize mbano huo kabla ya kuanza kupasua. Waliozoesha dunia glasi za aina hii kwa bei ya mtu wa kawaida ni Wafaransa wa Duralex, wanaozitengeneza tangu 1945 karibu na mji wa Orléans. Ile yao yenye vipande bapa pembeni, Picardie, ilitoka 1954 na bado inatoka, ingawa kiwanda kimeyumba mara kadhaa na mwaka 2024 wafanyakazi wenyewe wakakichukua kama ushirika. Hulazimiki kununua ya kwao. Viwanda vingine vinafanya kazi hiyohiyo, na cha kutafuta ni maandishi yaliyochongwa kwenye kitako: TEMPERED, au kwa Kifaransa TREMPÉ. Karatasi iliyobandikwa kwenye boksi si ushahidi.

Kuna kipimo cha nyumbani ambacho wauzaji hawakipendi. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta, vaa miwani ya jua ya polaroidi, shika glasi katikati ya macho na skrini, kisha geuza kichwa mpaka skrini ififie. Glasi iliyokazwa itaonyesha mistari na madoa ya rangi, hasa karibu na kitako na mdomo. Hayo ni mbano uliofungiwa ndani ya kioo. Glasi ya kawaida itabaki karibu wazi tu.

Na glasi iliyokazwa ina tabia zake. Ikivunjika haitoi kisu. Husambaratika vipande vidogo kama chumvi ya mawe, na vinaruka mbali. Fagia chumba kizima, si pale ilipoangukia tu, kisha pitisha gazeti lililolowa. Mara chache hupasuka yenyewe kabatini usiku, watu wakaamka na kutafuta mchawi. Sababu ni mkwaruzo au kidonda mdomoni kilichochimba taratibu mpaka kikafika kwenye tabaka la katikati lenye mvuto. Kwa hiyo glasi ya aina hii ikishapata pengo mdomoni, hata dogo, itupe siku hiyohiyo. Ya kawaida pia itupe, lakini hiyo ni kwa ajili ya midomo.

Kioo cha borosiliketi, kilichotokana na kazi ya Mjerumani Otto Schott kule Jena mwishoni mwa karne ya 19, hushinda joto kwa njia nyingine: hutanuka kama theluthi tu ya kioo cha kawaida. Ndicho cha maabara, na ndicho cha zile glasi za kuta mbili zinazouzwa mitandaoni, ambazo chai inaonekana inaelea. Ni nyepesi, hazichomi vidole, wala hazitokwi jasho ukitia barafu. Lakini ni nyembamba, zinachukia kugongana, na nyingi zina tundu dogo chini la kutolea hewa. Kizibo chake kikilegea, maji huingia katikati ya kuta na hayatoki tena. Kwa mtu mmoja anayeosha kikombe chake mwenyewe, sawa. Kwa nyumba yenye watoto watano na karai moja, ni pesa ya kutupa.

Sasa turudi kwenye bilauri za kabatini. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, ballur, kioo safi kinachong'aa kama barafu, na kung'aa huko kwa zamani kulitokana mara nyingi na risasi, ile metali nzito yenye sumu. Kristali ya risasi ya Ulaya hutakiwa kuwa na oksidi ya risasi asilimia 24 au zaidi. Inakuwa nzito, inakatika vizuri kwa urembo, na ukiigonga kwa kucha inalia kengele ndefu. Glasi ya kawaida hutoa mlio mfupi. Kunywea maji mara moja mgeni anapokuja si jambo la kutisha. Kuhifadhia juisi ya ukwaju usiku kucha ndani yake ni jambo jingine, kwa kuwa asidi huitoa risasi taratibu, na saa zinahesabika. Mtoto asiitumie, na mjamzito asiitumie.

Rangi na dhahabu ni habari hiyohiyo kwa umbo lingine. Rangi za kung'aa zinazochomwa juu ya glasi za bei ya chini, hasa nyekundu, manjano na machungwa, zinaweza kubeba risasi na kadimi, metali nyingine yenye sumu. Vipimo vya kimataifa huangalia hasa milimita 20 za juu, yaani pale mdomo unapogusa. Nawe fanya hivyohivyo dukani: kama ua au katuni limeingia ndani ya upana wa vidole viwili kutoka mdomoni, rudisha. Kama rangi iko ndani ya glasi, usijadiliane bei. Ukanda wa dhahabu ni chuma halisi. Ndani ya maikrowevu hutoa cheche.

Ukiwa bado dukani, pale Kariakoo au Darajani au Marikiti, pitisha kidole gumba mdomoni polepole. Mdomo mzuri ni wa mviringo laini, uliolainishwa kwa moto. Ukihisi ukali au kishimo, achana nayo. Isimamishe kaunta uone kama inacheza. Iinue kwenye mwanga: kijipovu kimoja si kitu, ila kijiwe cheupe kilichokwama ndani ya kioo ni ufa unaosubiri siku yake. Halafu ingiza mkono. Glasi ambayo mkono wako hauingii mpaka chini haitaoshwa mpaka chini, hata kwa sabuni gani.

Kuhusu kuosha, mpangilio ndio dawa. Glasi zitangulie kabla ya vyombo vyenye mafuta, kwenye karai la plastiki, moja moja, kwa sifongo au dodoki. Steelwire na mchanga viachie sufuria. Usizipachike moja ndani ya nyingine zikiwa na joto. Zikipoa, ya nje hujikaza na kuishika ya ndani. Zikishanasana usizivute. Tia maji baridi kwenye ya juu, izamishe ya chini kwenye maji ya uvuguvugu, subiri dakika mbili, zungusha kidogo. Zitaachana.

Ukungu mweupe unaokera watu wa pwani na wanaotumia maji ya visima, ambako maji hupita kwenye mawe ya chokaa, ni chokaa tu. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, loweka dakika 20, suuza. Ndimu iliyokamuliwa hufanya kazi ileile. Kama baada ya hapo ukungu bado upo, basi si uchafu. Ni kioo chenyewe kimelika kwa sabuni kali na joto, na hakuna dawa ya kukirudisha.

Baada ya kioo, stili. Glasi ya chuma cha pua haivunjiki, na kwa nyumba yenye watoto na sakafu ya vigae hiyo peke yake ingetosha. Kuna stili na stili, ingawa. Ile inayofaa zaidi huandikwa 304 au 18/8: kromi asilimia 18, nikeli 8. Ile ya bei rahisi mara nyingi ni 201, ambayo nikeli imepunguzwa na manganizi ikaongezwa. Inang'aa vilevile dukani, ila kwenye hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa itaanza kutoa vidoa vya kutu mapema. Watu hubeba sumaku wakidhani itawaambia. Sumaku itakutofautishia stili ya 430, ambayo hunasa kwa nguvu, lakini 201 na 304 zote mbili hazinasi, au hunasa kidogo tu pale chuma kilipovutwa kwa mashine. Kwa hiyo sumaku hukuambia nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye muhuri na kwenye uzito: shika mbili za ukubwa mmoja, chukua nzito.

Angalia mdomo tena. Stili iliyokatwa tu bila kukunjwa hukata midomo. Iliyokunjwa vibaya huacha mfereji unaohifadhi maji na uchafu. Na kitu kimoja huharibu stili haraka kuliko vyote: dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Ukiloweka glasi za stili humo usiku kucha, asubuhi utakuta vishimo vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano. Stili ya ukuta mmoja haifai kwa chai: inachoma mkono kabla ya kuchoma ulimi.

Zile za kuta mbili zilizotolewa hewa katikati ni jamaa wa chupa ya chai; wazo ni la Mskoti James Dewar, 1892. Zinastahili sifa zake, lakini pima kabla ya kusifu. Jaza maji yanayochemka, funga, ngoja dakika tano, pitisha kiganja nje kuanzia chini hadi shingoni. Shingoni kuna joto kidogo, hiyo ni kawaida. Kiwiliwili kikiwa cha moto, hewa imeshaingia, na hicho sasa ni kikombe cha kawaida chenye bei ya ajabu. Kisianguke kwenye zege, kisiwekwe kwenye jiko wala friza. Chini ya kitako baadhi yake huwa na tone la lehemu yenye risasi, lililofunikwa kwa kibati. Kibati kikibanduka, acha kukitumia. Mpira wa kifuniko utoe kila wiki, maana ukungu mweusi hukaa pale usipopaona. Na chai ya maziwa isikae humo nusu siku. Chini ya nyuzi 60 vijidudu hustawi, na chombo kinachohifadhi uvuguvugu kwa ustadi kinawahifadhia wao pia.

Kikombe cha bati chenye rangi nyeupe na ukingo wa buluu, yaani enameli, ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma kwa nyuzi 800 hivi. Hakina harufu, hakiogopi asidi, huenda hata kwenye makaa. Kikibanduka nje, endelea nacho. Kikibanduka ndani, kipande kingine kitafuata, na chuma kitapata kutu. Kigeuze kiwe cha kupandia mche.

Alumini kwa kunywea sishauri. Maji na uji si tatizo kubwa, bali ndimu, ukwaju na maji ya matunda huila, na vyombo vinavyosubuliwa kutokana na vyuma chakavu huweza kuchanganyika na risasi ya vipuri. Usiioshe kwa magadi pia, itageuka nyeusi. Shaba, inayopendwa na wenye asili ya India na siku hizi na wapenda afya, ni ya maji matupu tu. Ikikutana na maziwa ya mgando au limau hutoa shaba nyingi kuliko tumbo linavyopenda, na dalili zake ni kichefuchefu na kutapika.

Plastiki isomwe kwenye kitako kabla ya rangi. Namba 5 ndani ya pembetatu ndiyo ya kikombe cha nyumbani: huvumilia chai, hukunjika kidogo ukibana. Namba 6 ni ile ngumu, angavu, inayolia kama kioo cha uongo na kupasuka kwa mstari mrefu. Ni ya maji baridi. Namba 1 ni ya chupa za maji, hulegea kwenye nyuzi 70 na kitu. Namba 7 ni kapu la kila kitu, ndani yake ikiwemo polikaboneti yenye BPA, kemikali inayoshukiwa kuvuruga homoni. Bila maelezo zaidi, iache. Plastiki iliyokwaruzwa mpaka imekuwa na ngozi ya papai bichi imemaliza kazi, hata kama haijatoboka.

Melamini si plastiki ya kuyeyuka wala si kauri, ingawa huigiza kauri. Ikipashwa zaidi ya nyuzi 70 au ikiingia maikrowevu huachia kemikali za melamini na fomaldihaidi kwenye kinywaji. Vikombe vinavyotangazwa kuwa vya mianzi mara nyingi ni unga wa mianzi ulioshikwa na melamini hiyohiyo, na Umoja wa Ulaya ulianza kuviondoa sokoni mwaka 2021. Vitumike kwa biskuti.

Udongo na kauri vinahitaji makala yake. Kwa ufupi: gonga kwa kucha. Kinacholia kimeiva vizuri tanurini. Kinachotoa mlio wa kifuu kilichooza kina ufa au hakikuiva. Finjani ya kahawa haina mpini kwa sababu haihitaji, kahawa ni mafunda machache na ukuta wake ni mnene, unaishika mdomoni na kitakoni.

Basi kwa nyumba ya watu sita, ingekuwa hivi: glasi nane zilizokazwa kwa moto, za mililita 250, aina inayouzwa moja moja ili pengo lizibike, vikombe vinne vya stili vya mililita 200 kwa watoto, na vikombe sita vya kauri vyenye mpini kwa chai. Vikombe vichache vya plastiki namba 5 vya uani. Bilauri za kabatini zibaki kabatini, zimependeza.

Zikifika nyumbani, zipime. Chukua chupa ya maji ya mililita 500, jaza glasi mpaka pale unapojaza kila siku, siyo mpaka ukingoni, uone inabaki kiasi gani. Glasi nyingi zinazoitwa za robo lita huishia 200 hapo. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kipande cha gundi ndani ya mlango wa kabati, kwa ajili ya siku ya kupima mchele, na zaidi kwa ajili ya usiku ambao mtoto anaharisha na pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, imeandikwa lita moja: kwa glasi ya 200 ni tano, kwa glasi ya 250 ni nne.